Mwangaluka ya Saa Tisa Mchana

Hii si hadithi ya kijiweni. Haya niliyaona mimi mwenyewe, jua likiwa juu, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Naanza na saa kwa makusudi: ilikuwa saa tisa mchana. Watu wengi wanadhani mambo ya namna hii yanasubiri giza na mbwa wanaobweka ovyo. Yangu yalinikuta mchana kweupe, nyuma ya nyumba ya mtu, nikiwa na testa ya kupimia umeme kwenye mfuko wa shati. Ukitaka kunicheka, nicheke sasa hivi.

Mimi ni fundi umeme. Miaka ile Bariadi ilikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga, Simiyu haijazaliwa. Soko huria lilikuwa limeingia, wanunuzi binafsi wanagombania pamba, kila msimu malori mapya na mizani mipya. Kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kilikuwa kimefungwa, na nyumba za wafanyakazi wake zikauzwa kwa yeyote aliyezitaka. Umeme wa gridi nao ndiyo kwanza ulikuwa umefika mjini, kwa hiyo kila aliyeweza kushika plaizi alijiita fundi. Walikuwa wanakuta breka imekufa, wanaunganisha waya juu kwa juu, wanaondoka wanapiga mluzi. Niliwachukia sana watu wale. Niliwaita wauaji, tena mbele za watu.

Masanja alikuwa mume wa dada yangu Nyamizi. Alikuwa mkulima wa Ngulyati, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa ya jembe na aibu ya kuongea mbele ya watu. Pamba ilipomtupa misimu miwili mfululizo, nilimwambia aje mjini nimfundishe kazi. Dada hakutaka.

"Umeme hauonekani," aliniambia. "Ng'ombe akitaka kukupiga pembe, unamwona anainamisha kichwa. Huo umeme wako unainamisha nini?"

Nikamcheka. Nikamwambia, "Dada, mimi ndiye nitakayekuwa nazima na kuwasha. Masanja hatagusa kitu mpaka niseme. Nitakurudishia mumeo mzima kila jioni."

Hilo ndilo neno nililompa. Naomba ulikumbuke.

Basi, siku moja ya kiangazi tuliitwa na Mama Kulwa, muuguzi mstaafu aliyenunua mojawapo ya zile nyumba za kiwanda. Aliishi peke yake, watoto wake wako Mwanza. Kwa wiki nzima umeme wake ulikuwa unakata, unarudi, unakata, na asubuhi hiyo ulikuwa umekata moja kwa moja. Friji lake lilikuwa linavuja maji sakafuni na yeye alikuwa amenuna.

Nilimwachia Masanja aitafute hitilafu mwenyewe, nione kama ameiva. Alifanya vizuri, sitamnyima haki yake. Alichomoa friji, pasi na redio. Akashusha breka ndogo zote, ya taa na za soketi, ili nyumba isiwe na mzigo wowote. Kisha akaipandisha breka kubwa, ile inayolisha nyingine zote. Tk! Ikadondoka. Akaipandisha tena, ikadondoka tena, mpini wake umelegea kabisa.

"Hapa mzigo haupo, na bado inakataa," alisema. Akanusa. "Shemeji, imeungua kwa ndani."

Ni kweli, skrubu moja ilikuwa nyeusi. Fundi aliyeifunga mwanzo hakuikaza, ikawa inachemka kidogo kidogo mpaka ikajimaliza. Mama Kulwa akauliza kwa nini tusimwekee kubwa zaidi ili isimsumbue kukata. Nikamweleza kwamba breka ikiwa kubwa kuliko waya, siku ya matatizo utaungua waya badala ya breka kukata, na dari itafuata. Nilijisikia fundi kwelikweli. Tukaenda dukani, tukatafuta mpaka tukapata ya ukubwa uleule, tukarudi.

Tuliporudi, Mama Kulwa alikuwa amepiga deki. Zile nyumba zina sakafu ya saruji nyekundu, na yeye alikuwa ameing'arisha kama ya kanisa. Sasa wewe ungeingia na viatu? Tulivivua mlangoni, wote wawili. Sakafu ilikuwa bado na unyevu, baridi inapanda hadi kwenye vifundo vya miguu.

Hapa nikueleze jambo moja, kisha sitakuchosha tena na ufundi. Breka kubwa ikifa, nyumba inakuwa giza, lakini waya unaoingia kwenye hiyo breka kutoka nje unakuwa bado na moto. Kuibadilisha breka hiyo ni lazima uzime swichi kuu kule nje. Na kwa kuwa nyumba tayari haina taa, ukizima kule nje hakuna kitu ndani kitakachokuonyesha kwamba umezima kweli. Hakuna balbu itakayokufa. Unabaki na testa yako, basi. Sisi tulikuwa na testa moja, na ilikuwa kwangu.

"Simama hapo," nilimwambia Masanja. "Usiguse mpaka niseme."

"Sawa, shemeji."

Nikazunguka nyuma peku. Jua lilikuwa linawaka, ardhi inachoma nyayo. Na pale nyuma ya nyumba, kwenye kigoda chini ya dirisha, nikamkuta mzee ameketi.

Alikuwa amevaa koti la kaki lenye madoa ya grisi. Kwenye nywele zake na kwenye mabega zilikuwa zimeshika nyuzi za pamba, nyeupe, kama mtu aliyetoka sasa hivi penye mashine. Alinuka dizeli. Miguu yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye magoti, na majani madogo ya nyasi yamenata. Nilijiambia pengine amemwagiwa yale maji ya deki. Lakini niamini, ule haukuwa ulowevu wa maji ya ndoo. Ulikuwa umande. Ulikuwa umande wa alfajiri, saa tisa mchana, mwezi ambao hata mbuzi walikuwa wanatafuna mifuko kwa kukosa nyasi.

"Mwangaluka, ng'wanone," alinisalimu. Mwanangu.

Kama wewe si Msukuma, mwangaluka ni salamu ya asubuhi, ya kuulizana mmeamkaje. Jua likishapita utosini tunasema mwadila. Hata mtoto wa miaka mitatu hakosei. Mimi nikaona ni uzee tu, pengine amesinzia hapo tangu chai akapoteza saa. Nilijizuia kucheka. Na kwa kuwa mkubwa hasahihishwi salamu, nikainama kidogo nikaipokea kama alivyoitoa.

"Mwangaluka gete, baba."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Amani tu, nilimwambia. Ukutani, juu ya kichwa chake, kulikuwa na swichi kuu ya zamani ya chuma, yenye mpini mrefu ubavuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika ule mpini, na mpini ulikuwa chini, upande wa kuzima. Nilipoinua macho kuutazama, aliniambia bila haraka, kwa sauti ya mtu anayesema kitu alichokisema kila siku ya maisha yake:

"Nimeshazima. Fanyeni kazi zenu."

Nilijua la kufanya. Nimelifundisha kwa wengine mara ngapi? Toa testa, gusa waya, hakikisha. Mkono wangu ulifika mpaka kwenye mfuko wa shati. Lakini nitaitoaje testa mbele ya mzee wa watu, baba wa mwenye nyumba aliyekuja kumtembelea, kwa jinsi nilivyodhani, aliyeniita mwanangu na kuniambia kwa kinywa chake kwamba amezima? Kumpima pale pale ni kumwambia usoni kwamba ni mwongo. Baba yangu mzazi angenichapa kwa hilo hata nikiwa na mvi. Nikaushusha mkono.

"Wabeja, baba," nikamshukuru.

Na aibu yangu kubwa ni hii: nilikuwa natabasamu. Nilisogea dirishani nikaita ndani, "Shika tu, shemeji, umezimwa! Huku nje kuna mzee bado yuko asubuhi!"

Nilimsikia Mama Kulwa akimuuliza Masanja, "Umezimwa kweli?"

Nikamsikia Masanja akimjibu, kwa ile sauti yake ya upole, "Shemeji amesema umezimwa."

Kisha bisibisi ikaanguka kwenye saruji. Mama Kulwa akapiga ukelele. Mpaka leo mlango wenye bawaba kavu ukilia, naruka.

Niliugeukia ule mpini niuvute, nifanye lolote. Mzee hakuwepo, wala kigoda. Ile swichi ya chuma ilikuwa imejaa kutu hadi imeshikamana na ukuta, na nyaya zake zilikuwa zimekatwa juu kabisa, zimeachwa ncha fupi ambazo ndege walikuwa wamejengea kiota. Haikuwa imeunganishwa na kitu chochote kwa miaka. Swichi kuu ya kweli, ile mpya ya plastiki iliyokuja na gridi, ilikuwa kwenye kona ya pili, karibu na mita. Ningeitafuta kwa dakika moja ningeiona. Nilikimbia nikaizima. Nilipoingia ndani, Mama Kulwa alikuwa amepiga magoti anambonyeza Masanja kifua, anahesabu kwa sauti, kama alivyofundishwa kazini kwake. Alibonyeza mpaka akachoka, nami nikapokea, kisha yeye tena. Miguu mitupu ya Masanja ilikuwa bado na unyevu wa ile deki. Hakurudi.

Polisi walikuja, na watu wa umeme wakaja. Wakaniuliza nani alisema umezimwa. Nikasema mimi. Nani alikuambia wewe? Nikasema mzee aliyekuwa ameketi nyuma. Wakatazamana. Mama Kulwa, maskini, alitamani sana kunisaidia, lakini angesema nini? Baba yake alikuwa amefariki yeye akiwa msichana. Nyumba ile haikuwa na mzee wala kigoda. Waliandika kwamba ni ajali ya kazini, wakaniacha niende, na ingekuwa nafuu wangenishika.

Tulimzika Ngulyati. Dada hakunipigia kelele. Aliniuliza mara moja tu, jioni ya mazishi, akiwa amekaa chini na wanawake wenzake: "Nani alikwambia umezimwa?" Nikamweleza yote, umande, pamba kwenye nywele, salamu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akajifunika kanga akageukia ukutani.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye zile nyumba za kiwanda kwa sababu nilidhani nitarukwa na akili. Jirani wa Mama Kulwa alikuwa Mzee Mabula, mlinzi wa kiwanda enzi zake. Nilipomtajia koti la kaki tu, aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Huyo ni Maduhu," alisema. "Fundi wa injini."

Akaniambia kwamba zamani, kabla ya gridi, nyumba zile zilipata umeme kutoka kwenye injini ya dizeli ya kiwanda. Iliwashwa jioni, ikazimwa alfajiri. Mke wa mfanyakazi mmoja aliwahi kurushwa vibaya na waya kwa kudhani injini imeshazimwa. Tangu siku hiyo Maduhu alijipa kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kila alfajiri, akishazima, alipita kwenye umande nyumba kwa nyumba, akasalimu mwangaluka, akasema nimeshazima. Waliokuwa na taa mbovu walisubiri neno lake ndipo washike waya.

"Aliwahi kukosea?" nilimuuliza. Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka mtu wa kumchukia.

"Maduhu?" Mzee Mabula alitikisa kichwa. "Hata siku moja. Akisema imezimwa, imezimwa."

Kiwanda kilipofungwa, injini iliuzwa. Ilibebwa kwa lori mpaka Malampaka ikapandishwa treni, ikaenda isikojulikana. Maduhu hakuiaga. Kesho yake alfajiri watu wakamsikia mlangoni: mwangaluka, nimeshazima. Na keshokutwa. Walimcheka, baadaye wakamhurumia, baadaye wakazoea. Aliugua akafa akiwa bado anapita. Gridi ilikuja baada yake. Kwake yeye bado ni ile alfajiri, injini bado ipo, na ameshaizima kwa mkono wake. Sasa niambie, mtu kama huyo utamlaani kwa lipi? Hakunidanganya. Neno lake lilikuwa kweli, ila la wakati mwingine, na mimi nililipokea nikampa Masanja.

Tulijaribu tulichoweza. Katekista alikuja akaombea nyumba chumba kwa chumba, akanyunyiza maji ya baraka mpaka kwenye ile swichi ya kutu. Ndugu wengine, wale wa kule Bukundi wanaoshika mambo ya zamani, walimleta mtu wao. Alikaa nyuma ya nyumba kutwa nzima. Alipoinuka alisema maneno machache: mrudishieni injini yake aizime, atapumzika. Injini gani? Tungeitafuta wapi, kwenye chuma chakavu cha nchi nzima? Mama Kulwa aliifunga nyumba akahamia Mwanza kwa watoto wake. Ile swichi niliing'oa mimi mwenyewe kwa nyundo. Sikuhisi nafuu yoyote.

Ningeweza kukuachia hapo. Natamani sana ningeweza.

Siku ya arobaini nililala kwa dada Ngulyati. Kulipokucha, jogoo wakiwa bado wanawika, nilimsikia akifagia uani. Ufagio ukanyamaza. Kisha nikamsikia dada yangu akisema, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu msiba:

"Mwadila gete."

Niliinuka nikakaa kitandani. Mwadila, alfajiri? Kumbuka Masanja alikufa saa ngapi.

Nilitoka nje. Dada alikuwa amesimama na ufagio wake, anatazama ule ua wa minyaa. Hapakuwa na mtu. Lakini ardhi pembeni ya ua, kwenye baridi ile, ilikuwa na alama mbili za nyayo, nyayo kubwa za mtu peku, zenye unyevu. Niliinama nikaigusa moja. Ilikuwa ya moto, kama ardhi iliyopigwa jua mchana kutwa.

"Dada, unamjibu nani?"

"Si ni mume wangu," alisema, kana kwamba nimeuliza swali la kipuuzi. "Anakuja kila siku."

"Usimjibu! Dada, nakuomba, usimjibu."

"Nisimjibu mume wangu?"

Nikamuuliza, na ningetoa mkono wangu mmoja niwe sikuuliza, "Anasemaje akija?"

Dada alianza tena kufagia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linalonimaliza. Angekuwa na hasira ningejua pa kujificha.

"Ananisalimu tu," alisema. "Halafu anasema, 'Shemeji amesema umezimwa.'"

Imepita miaka mingi. Simiyu imekuwa mkoa, nyumba za kiwanda zimevunjwa, na Ngulyati nako umeme umefika. Kila walipokuja kumshawishi dada avute waya nyumbani kwake, alikataa, na mimi nilimuunga mkono. Amekonda, amezeeka kabla ya wakati, lakini kila alfajiri anafagia ule ua na kila alfajiri anaitikia salamu ya mchana. Nimeacha kulala kwake. Kazi bado naifanya, peke yangu, maana sitaki tena mtu wa kumwambia neno. Nazima mwenyewe, napima mwenyewe, napima tena, hata kama aliyeniambia umezimwa ni askofu. Wenye nyumba wananiona nina dharau. Waache wanione hivyo.

Wewe unayesoma, kama siku moja utakuwa umeshika waya na mtu akakuambia umezimwa, usione haya, toa testa yako mbele ya macho yake, awe baba yako au baba mkwe wako. Akikasirika, mwombe radhi baadaye. Na ukisalimiwa, tazama kwanza jua liko wapi. Salamu isipolingana na saa, nyamaza, pita, mwache aliyeitoa abaki na wakati wake.

Na ukipita Ngulyati alfajiri ukakuta mtu mwenye mikono mikubwa, peku, amesimama kwenye ua wa minyaa, akikuambia shemeji yake amesema umezimwa, usimwamini. Shemeji yake ni mimi, na mimi sikupima.